Mkono Ulioogopa Vichwa vya Watoto

Vijana, nitaanza na mkono, maana najua ndiko macho yenu yanakokwenda. Kila nikiingia karakana hapa Arusha, vijana wananipa shikamoo kwa adabu zote, halafu macho yanateremka mpaka kwenye mkono wa kulia na kugota hapo. Tazameni tu, wala msione haya. Kidole cha shahada hakipo, cha kati hakipo, na kifundo kina kovu refu mpaka karibu na kiwiko. Mkishatosheka kutazama, tuongee kazi.

Mimi nilikuwa mkerezaji wa vyuma mpaka nilipostaafu. Nusu ya kazi hiyo niliifanya na mkono huu huu mnaouonea huruma, na vitu nilivyovitengeneza baada ya ajali ni vizuri kuliko vya kabla yake. Sijisifu. Aa, najisifu bwana, mtu mzima akistaafu asijisifu atafanya nini tena.

Kwa asiyeijua lethi, ni mashine inayoshika chuma na kukizungusha kwa kasi, nawe unasogeza kisu taratibu kikichonge mpaka kiwe duara safi. Kisu kimetulia, chuma ndicho kinachozunguka. Lishikeni hilo, kwa sababu kitu chochote kitakachokigusa chuma kile, kiwe uzi, nywele au mkufu wa mchumba, chuma kitataka kizunguke nacho.

Karakana yetu ilikuwa ya Mzee Jagtar, Singasinga aliyezaliwa hapa hapa mjini, mwenye Kiswahili cha gereji na Kimaasai cha kutosha kununulia mbuzi. Tulikuwa tunatengeneza shafti za mashine za kusaga, pampu za mashamba ya Nduruma, na vinu vya kumenyea kahawa vya wakulima wa Akheri. Lethi zilikuwa mbili. Moja yangu, moja ya Fundi Kimaro, Mchaga wa Machame aliyenifundisha kazi. Kimaro alikuwa Mlutheri wa kwaya, na besi yake ilishinda kelele za mota. Ukikosea kipimo hakukutukana. Alisimamisha wimbo. Ule ukimya tu ulikuwa unatosha kukutoa jasho.

Sasa ajali. Fundi wa Dar es Salaam hawezi kuumia nilivyoumia mimi, kwa sababu kule wanafanya kazi na singlendi. Sisi Julai yetu mnaijua. Ukungu unashuka kutoka mlimani, jua linachungulia saa nane kama mgeni asiyetaka kukaa, na chuma kilicholala karakanani asubuhi kinauma vidole. Kwa hiyo tulivaa sweta ndani ya ovaroli. La kwangu alilifuma mke wangu, kwa sufu nzito. Na tulikuwa na tabia moja, karakana nzima: tulivuta mkono wa sweta utokeze nje ya ovaroli mpaka ufunike kiganja, ncha za vidole tu zibaki nje. Ukishika chuma, unashika na sufu. Kimaro alivuta, mimi nilivuta, mchomeleaji alivuta. Mzee Jagtar alipita kila asubuhi akituona, na yeye amevaa koti juu ya sweta mbili.

Nilikuwa namalizia shafti ya pampu. Nilikata kipande cha msasa, nikakishika kwa mkono, nikawa nasugua shafti huku inazunguka, kama tulivyofanya sote. Uzi mmoja wa sweta ukagusa chuma. Pamba ingekatika, vijana. Sufu haikatiki, na sufu iliyofumwa na mwanamke anayekupenda haikatiki kabisa. Uzi ulivuta mkono wa sweta, sweta likanivuta mimi. Kimaro aliruka kutoka mashine ya pili akagonga swichi kuu kwa kiwiko, akaokoa sehemu ya mkono iliyobaki.

Hospitali walitoa vidole viwili visivyookoleka na kuweka bamba la chuma kwenye kifundo. Nilimuuliza daktari ni chuma cha aina gani. Alidhani natania, akacheka, lakini mimi nilitaka kujua kweli, na mpaka leo sijajibiwa.

Mke wangu alililia sweta kuliko vidole. Alikaa kitandani kwangu akasema, "Nimekuumiza kwa mikono yangu mwenyewe." Nikamwambia, "Kosa lako ni kwamba umefuma vizuri mno. Mara nyingine fuma vibaya kidogo." Alicheka huku analia, na mimi vilevile.

Niliporudi nyumbani kwetu, kule juu ya Sekei, watu walijaa. Maziwa yakaja, loshoro yetu ya mahindi na maziwa ya mgando ikaja, kuku wakaja na miguu imefungwa. Kila aliyeingia alisema neno lile lile: pumzika. Nikikaribia kikombe, kuna mtu ameshakishika. Nikitaka kufunga kifungo cha shati, mke wangu ameshafika. Nyama nilikatiwa. Baada ya muda mfupi nilikuwa mtoto mchanga mwenye ndevu. Siwalaumu, ulikuwa upendo. Lakini nawaambia ninyi mtakaokuja kuumia, maana wapo watakaoumia: shukuruni, kuleni nyama, ila kifungo mfunge wenyewe hata kama kitawachukua asubuhi nzima.

Mzee Jagtar naye alikuja, amebeba matunda. Akasema, "Kazi yako ipo. Nitakuweka getini. Kiti, koti, redio, na mshahara hautaguswa."

"Na lethi?" nikamuuliza.

Aliangalia chini. "Kabla ya masika matrekta yataanza kuletwa. Unajua yanavyokuja. Lazima kuwe na mtu. Nimeongea na fundi mmoja wa Moshi."

Kimaro, aliyekuja naye, alikuwa amekaa pembeni. "Huyo wa Moshi asubiri," akasema. "Mpaka matrekta yaje, mashine zote mbili ninazo mimi."

"Na yakija?"

"Yakija, utamjaribu huyu kwanza. Akishindwa, mpe hilo koti."

Mzee Jagtar alikubali, lakini nilimwona usoni kwamba koti ameshalinunua. Niliumia kuliko nilivyoumia hospitali. Geti ni kazi ya heshima, nimewahi kuwa na marafiki wengi walinzi. Ila mimi nilikuwa mkerezaji, na sikujua kuwa mtu mwingine.

Tatizo halikuwa vidole vilivyoondoka. Tatizo lilikuwa visiki vilivyobaki. Ngozi ilipona vizuri, lakini ndani mishipa ilichanganyikiwa. Ukinigusa na unyoya, naruka. Shuka likipita juu yake, machozi. Nikaufunga mkono kwa kitambaa, nikautembeza kifuani, na zoezi nililopewa hospitali nikaliacha kwa sababu liliuma. Mtu asiyeweza kuguswa na shuka atashikaje chuma?

Hapo ndipo vichwa vilipoingia. Sisi Waarusha mnatujua. Mtoto akikutana na mtu mzima njiani anainamisha kichwa, na wewe unaweka kiganja utosini. Kijana anafanya hivyo, mke wa kijana anafanya hivyo. Usipokigusa kichwa hicho, umesema jambo baya bila kufungua mdomo. Na ni kwa mkono wa kulia. Msiniulize kwa nini sikutumia wa kushoto, mkawaulize mama zenu.

Sasa watoto wa shule wananyolewa, na baada ya siku chache vinywele vinachomoza vigumu, kama brashi ya kutolea kutu. Nikiwaza tu kuweka kile kisiki juu ya kichwa cha namna hiyo, naurudisha mkono kifuani. Nikaanza kukwepa. Watoto wakitoka shule, mimi napita migombani. Fundi mzima, mwenye ndevu, nimejificha nyuma ya mgomba nikiwasubiri watoto wa darasa la pili wapite!

Mwishowe nilibanwa. Nilikutana njiani na mke wa kijana wa jirani yangu, binti aliyeolewa karibuni, na kulikuwa na watu. Akainama. Nikakitazama kile kichwa, nikautazama mkono, nikapita. Hatua chache mbele nikageuka. Alikuwa bado ameinama.

Jioni ile baba mkwe wake akaja. Hakutaka kukaa. "Ndugu yangu," akasema, "mkwe wangu amekukosea nini? Yuko jikoni analia. Anasema labda kuna neno baya umelisikia juu ya kwao."

"Hajanikosea kitu."

"Basi mbona umemwacha ameinama mbele za watu?"

Nikafungua kitambaa nikamwonyesha mkono, nikamweleza habari ya shuka na unyoya, na jinsi ninavyojificha migombani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe unaogopa mkono wako mwenyewe," akaenda zake. Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tena. Mke wangu, aliyekuwa amesikia yote, alisema kwa upole, "Mwanzoni ulikuwa umeumia wewe. Sasa unaumiza na watu."

Asubuhi nilirudi hospitali kwa yule dada wa mazoezi ya viungo niliyekuwa nimemkimbia. Jina lake Upendo, mdogo kuliko binti yangu, lakini mkali. "Shikamoo baba," akasema. "Nilikuambia uje, ukapotea."

"Marahaba. Zoezi liliuma."

"Lilitakiwa liume." Akaufungua mkono, akauchunguza. "Mishipa yako imesahau tofauti ya kuguswa na kuumizwa. Tunaifundisha upya. Leo unga. Ukizoea unga, mchele. Ukizoea mchele, maharage, halafu mchanga. Unazamisha mkono, unauacha humo. Usiutoe wakati maumivu yako juu. Subiri yashuke, ndipo utoe. Ukiutoa mapema umeifundisha mishipa kukimbia."

Nikamwambia habari ya vichwa. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Baba! Mimi hapa nahangaika kutafuta vitu vya kukwaruza wagonjwa, wewe umewekewa njia nzima imejaa, unajificha migombani?"

Tukaanza. Mke wangu alinitengea sinia la unga, akanikataza kulisogelea na mikono michafu. Mchele ulinitoa machozi. Maharage yalikuwa rafiki. Nilipofika kwenye mchanga nilikwenda kwa jirani, nikaomba binti aitwe. Alitoka na uso wa wasiwasi, akainama. Alikuwa amesuka, na ninamshukuru Mungu kwa aliyemsuka, maana nywele zilikuwa laini. Nikaweka kiganja chote, na visiki vyake. Kiliwaka moto, nikakiacha hapo mpaka moto ukapungua. Yule binti alidhani nambariki kwa muda mrefu. Basi nikambariki kweli, nilikuwa hapo hapo.

Watoto wa shule ndio waliokuwa chuo changu. Mwanzoni waliinama haraka wakitaka kukimbia, wakashangaa mkono hauondoki. Baada ya siku kadhaa wakaanza kupanga foleni wenyewe, wengine wakirudi nyuma ya mstari waguswe tena. Binti mmoja mdadisi akaniuliza, "Babu, unatuombea?" Nikamwambia, "Ninajifunza kazi." Na wala sikuwa babu wakati ule, ila sikumrekebisha.

Kimaro yeye alikuja Jumapili, akitoka ibadani na suti yake. Hakusema pole hata mara moja. Aliweka mezani mtori wa ndizi na nyama aliopika mkewe, kisha akamwaga mfuko wa bolti na nati. "Funga," akasema.

"Kwa vidole vipi?"

"Vile viwili ulivitumia kwa sababu vilikuwepo. Gumba unacho, cha pete unacho. Funga."

Mke wangu akasema, "Fundi, leo Jumapili jamani, si mngepumzika?"

"Mama, hii siyo kazi," Kimaro akamjibu. "Hii ni ibada ya pili."

Nilianza na nati kubwa za trekta, nikashuka mpaka ndogo za redio. Kimaro akawa anazichovya kwenye ndoo ya maji ya mfereji unaotoka mlimani ili nizoee chuma cha baridi. Zilipokuwa zinaanguka hakuziokota. Nilizifuata mwenyewe chini ya meza nikilaani, naye anakunywa mtori wangu.

Kuna mambo niliyoyagundua kwenye miezi ile ambayo leo nayafundisha kwa kila anayetaka kusikia. Nilijifunza kushika mpini wa tupa kwa mkono wa kushoto nikilainisha chuma kinachozunguka kwa sababu sikuwa na njia nyingine, nikaona kumbe ukitumia wa kushoto mkono haupiti kabisa juu ya kichwa cha lethi kinachozunguka. Miaka yote tulikuwa tunapitisha mkono juu ya hatari bila sababu. Msasa sasa naubandika kwenye kipande cha mbao, chuma kikiutaka kichukue mbao. Vishikizo vya mashine nilivichonga upya kwa mti mgumu wa loliondo, vinene, vya kujaa kiganjani, na Kimaro alipovijaribu akavichukua vya kwangu ikabidi nichonge vingine. Na mikono ya ovaroli inaishia juu ya kiwiko, iwe Julai, isiwe Julai. Mzee Jagtar mwenyewe ndiye aliyeikata kwa mkasi, ya ovaroli zote, akaleta na jiko la mkaa la kupashia mikono kabla ya kazi. Siku hizi mna mashine za kompyuta zinazofungwa kwa mlango wa kioo, vizuri sana. Lakini nimewaona mkifungua ule mlango.

Matrekta yakaja. La kwanza lilitoka Nduruma, shafti imekatika, inatakiwa mpya yenye meno ya kufungia nati upande mmoja. Mzee Jagtar akatuma mtu aniite. Nilivaa ovaroli fupi, nikaingia na mkono wazi, bila kitambaa. Mafundi wote wakaacha kazi. Fundi wa Moshi alikuwa anasubiri simu tu, kila mtu alijua.

Nikafunga chuma kwenye mashine, nikakikaza. Mkono ulitii. Nilijiona nimeshamaliza. Kisha Kimaro akabonyeza swichi, mota ikaunguruma, na miguu yangu ikarudi nyuma yenyewe. Niliposhtuka nilikuwa karibu na mlango. Mkono nilikuwa nimeufundisha, lakini hakuna aliyefundisha masikio. Sauti ile mara ya mwisho niliisikia siku ya sweta. Nikaliona koti la getini waziwazi, hata vifungo vyake.

Mafundi walikuwa wametoa macho. Kimaro akawageukia. "Mnatazama nini? Sinema iko mjini. Kazini!" Kisha akanifuata pale mlangoni, hakunishika. "Fumba macho," akasema. "Sikiliza mashine. Iko vipi?"

Nikafumba. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Halafu taratibu nikaanza kuzitenganisha: mota, mkanda, gia. Na nyuma ya gia kitu kinakwaruza.

"Beringi ya nyuma inalia," nikasema.

"Ndiyo."

"Haina grisi."

"Haina."

"Tangu lini?"

"Tangu uondoke. Kazi nimeifanyia, ila mashine siyo yangu."

Vijana, nilipandwa na hasira! Lethi niliyoitunza kama ng'ombe wa maziwa, imeachwa ilie miezi yote hiyo! Sikumbuki kuvuka ile sakafu. Ninachokumbuka ni kwamba nilizima mashine, nikachukua grisi, nikaitia mpaka ikajaa, nikafuta, nikawasha mwenyewe kwa kidole gumba, na niliposikia inazunguka bila kulia ndipo nikagundua niko wapi. Nilikuwa nimesimama mahali pangu.

Nikasogeza kisu. Ganda la kwanza la chuma likatoka, refu, la bluu. Sauti ya mota ilikuwa bado inanitisha, lakini sasa ilikuwa inaniambia habari za kazi, na mtu anayekuambia habari za kazi unamsikiliza. Nikamaliza unene, nikapima kwa venia, nikakata meno, nikasimamisha, nikajaribu nati kwa gumba na kidole cha pete. Iliingia mpaka mwisho, laini, bila kutikisika. Kimaro akaizungusha, akairudisha, kisha akaenda mashine yake na kuanza kuimba.

Ulibaki upande wa pili wa shafti. Nikawasha tena, nikashika vishikizo. Nyuma yangu nikamsikia Mzee Jagtar anatoka ofisini. Kisha akasema, siyo kwangu, "Kimaro, mpigie yule wa Moshi. Mwambie lethi ina mtu."

Sikugeuka. Chuma kilikuwa kinazunguka. Machozi yalinishuka mpaka kwenye ndevu na yakadondoka kwenye mashine, na sikuweza kuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.